Dal ya dengu nyekundu bila samli, ladha naipataje?

BintiMdogo:
Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu. Dada yangu ameacha kula chochote kinachotokana na mnyama: nyama, mayai, maziwa, hata asali. Anakuja kukaa nami na nataka nimpikie dal ya Kihindi, ile ya kila siku ya kulia wali. Dengu ninazo, zile nyekundu zilizobanguliwa (masoor). Tatizo, kila maelekezo ninayoyaona yanaishia kwenye samli, na nikiiondoa naona nimebakiwa na uji wa mgonjwa. La pili, huwa naanza kwa kukaanga vitunguu na nyanya ndipo dengu ziingie, lakini zinakawia sana kuiva. Naombeni mwongozo.

MzeeWaJiko:
Marahaba binti. Utamu wa dal hautoki kwenye samli. Unatoka kwenye mafuta ya moto yenye viungo, yanayomiminwa mwishoni. Wahindi wanaita tadka. Harufu ya binzari nyembamba na pilipili kavu hutoka vizuri ndani ya mafuta kuliko ndani ya maji, na mafuta yoyote ya mimea yanatosha. Huko India kwenyewe, Bengal wanapenda mafuta ya haradali na Kerala mafuta ya nazi.

Chukua kikombe kimoja cha dengu, chagua mawe, osha mpaka maji yatakate. Usiloweke. Tia maji vikombe 3 na nusu na manjano nusu kijiko cha chai. Povu likipanda, liengue. Punguza moto, funika nusu, zipe dakika 20 hadi 25. Ule wekundu utapotea, zitakuwa za njano na zimevurugika. Zipondeponde kwa mwiko, tia chumvi.

Sasa tadka, na hapa usiondoke jikoni hata kidogo. Pasha vijiko vikubwa 2 vya mafuta kwenye kikaango kidogo. Tupia punje moja ya binzari nyembamba. Ikitoa mapovu papo hapo, mafuta yako tayari. Tia kijiko cha chai cha binzari hiyo ikiwa nzima, pilipili kavu 2, kisha vitunguu saumu vilivyokatwa vyembamba. Vikianza tu kugeuka rangi ya dhahabu, mimina vyote juu ya dal na ufunike. Usingoje viwe kahawia. Binzari inaungua kwa sekunde chache, na uchungu wake hauondoki.

ChumviKidogo:
Kuhusu kukawia, sababu ni nyanya. Asidi yake inazuia punje zisilainike, na ukwaju au ndimu hufanya hivyo hivyo. Acha dengu ziive kwanza. Maji magumu yenye madini mengi nayo huchelewesha, na dengu zilizokaa ghalani muda mrefu ni sugu hata ukizibembeleza.

Mchangamfu:
Naunga mkono, ila usiziache nyanya kabisa. Mimi nazikaanga ndani ya tadka yenyewe, baada ya kitunguu, mpaka mafuta yajitenge pembeni. Dal inakuwa nzito zaidi. Mzee atasema imekuwa mchuzi.

MzeeWaJiko:
Si dhambi, lakini kwa mara ya kwanza apike ile nyepesi. Akishajua ladha ya dengu na binzari peke yake, atajua nyanya inaongeza nini.

PunjeMoja:
Mpikie kwa amani, ila akitaka kula mgahawani mwambie aulize. Dal makhani, kwa mfano, hupikwa kwa siagi na krimu. Nyumbani, kamulia ndimu wakati wa kupakua: inachangamsha ladha na vitamini C yake inausaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo kwenye dengu. Na kwa upendo tu, mkumbushe dada kwamba dengu hazina vitamini B12. Hiyo aitafute kwenye vyakula vilivyoongezewa au vidonge.

BintiMdogo:
Asanteni sana, Mungu awabariki. Swali moja: atafika usiku, naweza kupika mchana?

MzeeWaJiko:
Dengu chemsha mchana. Zikipoa zitaganda, kwa hiyo wakati wa kupasha ongeza maji ya moto kidogo kidogo na uonje chumvi upya. Tadka ifanye akishaketi mezani.