Bajeti ya teknolojia ya nyumba ya wageni kwa mwaka ujao

Mwenye nyumba, Shela
Assalaam aleikum. Naendesha nyumba ndogo ya wageni hapa Shela, na ningependa kupanga mahitaji ya teknolojia ya mwaka ujao kabla msimu wa upepo wa kusi haujapunguza wageni na mapato. Nina kompyuta mbili za Windows 10, ruta moja, na daftari la kuandikia vyumba vilivyowekwa. Nianze na lipi?

Fundi, Malindi
Waaleikum salaam, dada yangu. Anza na kompyuta, kwa sababu Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine isiyopata masahihisho ya usalama haifai kuhifadhi nakala za pasipoti za wageni, ambazo Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inakutaka uzilinde. Kagua kwanza kama zinakubali Windows 11, kwani huenda ukahitaji kununua moja tu. Tenga pia fedha za matengenezo: hewa ya chumvi hula vyuma vya ndani mapema, hasa kwa nyumba zilizo ufuoni kama yako.

Mhasibu, Lamu mjini
Nakubaliana na fundi, ila kila kifaa ukinunue kwa muuzaji anayetoa ankara ya eTIMS (mfumo wa ankara za kielektroniki), kwa kuwa tangu Januari 2024 KRA, yaani Mamlaka ya Mapato ya Kenya, huihitaji ili gharama ya biashara ikubaliwe katika hesabu za kodi. Daftari liache liendelee kwa sasa.

Mwenye nyumba, Shela
Ahsanteni sana. Nitaanza kwa kuzikagua kompyuta zote mbili wiki hii.