Nina miaka 11 jeshini, nataka kurudi uraiani. Nianzie wapi?

Gwanda_Kavu: Wakuu, habari zenu. Mimi ni askari, cheo sajenti, nipo karakana ya magari. Nimechoka, na sitaki kudanganya kwamba kuna mtu kanionea. Mwanangu wa mwisho nikirudi likizo ananiamkia kama mgeni. Nataka nivue gwanda nitafute kazi ya kiraia, ila tangu nizaliwe sijawahi kuomba kazi. Juzi nilikaa kuandika wasifu. Nikaandika jina, tarehe ya kuzaliwa, cheo, kalamu ikagoma. Nianzie wapi? Matusi pembeni tafadhali.

Bi_Tatu: Karibu uraiani baba. Huku hakuna wa kukupigia parapanda alfajiri, kodi ya nyumba itakuamsha yenyewe 😂

Mstaafu_Mtulivu: Kijana, mimi nilitumikia miaka 22. Kazi yangu ya kwanza uraiani ilikuwa ghalani. Bosi akiingia nasimama wima. Siku ya tatu akaniita pembeni: "Mzee, ukisimama hivyo najihisi kama nimekosea kitu." Kilichoniumiza zaidi ni kiinua mgongo. Kilikuwa na ndugu wengi kuliko mimi mwenyewe. Mmoja aliniletea andiko la mradi wa kuku kurasa 6, na picha za kuku. Kuku wenyewe sijawaona mpaka leo.

Mdau_wa_Ajira: Nimesoma wasifu nyingi za askari wanaotoka. Kosa ni moja: wanaandika vyeo na vikosi. Mimi msomaji sijui "sajenti wa karakana" anafanya nini siku nzima. Andika una mafundi wangapi chini yako, magari mangapi, ya aina gani, nani anaagiza vipuri, nani anasaini kwamba gari ni zima. Pili, cheti cha kozi ya jeshini na kibali chako cha kuendesha malori usidhani vitapokelewa nje kama vilivyo. Ulizia mapema, na kama kuna mtihani wa ufundi wa kiraia, ufanye ukiwa bado na mshahara.

Kitabu_Wazi: Wamarekani hili walilifikiria zamani. Mwaka 1944 walipitisha sheria ya kuwasomesha askari waliotoka vitani, na kufika 1947 karibu nusu ya waliodahiliwa vyuoni walikuwa maveterani. Hata leo askari wao anatakiwa aanze maandalizi ya kutoka angalau siku 365 kabla.

Gwanda_Kavu: Asante mkuu, ila mimi si Mmarekani.

Spana_17: Siku 365 nimezipenda. Afande, mkataba wako ni wa miaka mingapi?

Gwanda_Kavu: Hilo si tatizo sana. Naomba turudi kwenye wasifu.

Spana_17: Ukikwepa swali dogo najua ndilo kubwa. Miaka mingapi?

Gwanda_Kavu: 12. Imebaki miezi 10. Na ndiyo, pensheni inaanzia 12, najua. Lakini nafasi hazisubiri. Kuna mwenzangu alitoka mwaka jana, yuko nje na kampuni ya ulinzi wa misafara, kaniunganisha. Barua ya kuacha nimeshapeleka wiki iliyopita. Na pesa ya usajili nimetuma nusu. Msinihukumu, nimelifikiria hili muda mrefu.

Mdau_wa_Ajira: Umetuma pesa ili uajiriwe? Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani namba 181 wa 1997 unasema kimsingi wakala hamtozi mtafuta kazi. Umeona mkataba wa ajira? Ukiumia nani anakutibu, nani anakurudisha nyumbani?

Gwanda_Kavu: Mkataba unasainiwa huko huko. Mwenzangu hawezi kunidanganya, tulilala handaki moja.

Mstaafu_Mtulivu: Wa kuku naye tulilala handaki moja.

Chumvi_Kidogo: Wakuu mnakunywa chai bila kuuliza sukari. Sajenti wa miaka 11 aache pensheni imebaki miezi 10, atume pesa kwa watu asiowajua, halafu aje kutuuliza wasifu? Huyu ni mtunzi. Kesho anakuja na uzi wa mchepuko.

Spana_17: Tumpime. Sajenti, lori la dizeli limekaukiwa mafuta njiani. Umejaza tangi, haliwaki. Fanya kazi.

Gwanda_Kavu: Nafungua skrubu ya kutolea upepo pale kwenye filta, napampu kwa mkono. Linatoka povu, napampu mpaka yatoke mafuta matupu, nakaza yakiwa bado yanatoka. Likigoma nalegeza nati za paipu kwenye nozeli, mwenzangu anapiga stata, nakaza moja moja zinapoanza kurusha. Usiku tochi naing'ata kwa meno. Mikono yote miwili ina kazi, na mdomo unabaki na ladha ya dizeli mpaka kesho yake.

Spana_17: Fundi huyu. Hilo la kukaza mafuta yakiwa bado yanatoka mtu hulijua akishaoga dizeli.

Chumvi_Kidogo: Mama yangu mdogo ana lori, analijua pia. Naye ni sajenti?

Spana_17: Mlete tumwajiri. Afande, barua imeshaidhinishwa?

Gwanda_Kavu: Bado iko mezani kwa mkuu wa kikosi.

Mdau_wa_Ajira: Basi kesho asubuhi uwe ofisi ya utumishi, uulize kama inaondolewa. Hiyo nusu nyingine usitume. Miezi 10 ndiyo ya kutafutia vyeti.

Gwanda_Kavu: Nikiiondoa nitaonekana mtoto. Mwenzangu naye keshaniwekea nafasi.

Bi_Tatu: Baba, mama watoto anasemaje?

Gwanda_Kavu: Nitamwambia barua ikishapita.

Bi_Tatu: Chumvi, shusha kikombe. Hii si chai.