Naombeni ushauri: video ya urithi wa Wayahudi wa Prague

Habari zenu wakuu. Naandika maelezo ya Kiswahili ya video fupi kuhusu Makumbusho ya Wayahudi ya Prague, yaliyoanzishwa 1906. Mhariri wangu anataka tufungue kwa kusema Hitler alikusanya vifaa vya masinagogi ili ajenge makumbusho ya taifa lililotoweka. Video nyingi husema hivyo, ila wanahistoria hawajapata hati ya wakati ule inayothibitisha. Kinachojulikana ni kwamba mwaka 1942 Wayahudi wenyewe ndio waliosukuma vitu hivyo vikusanywe Prague. Magombo ya Torati, mapazia, vinara, vyote waliviorodhesha kimoja kimoja chini ya usimamizi wa SS, kikosi cha Wanazi. Wengi wao waliuawa baadaye. Kuwapora kazi hiyo na kumpa Hitler kunaniuma sana.

Kuna na suala la picha. Kuta za Sinagogi la Pinkas, hukohuko Prague, zina majina ya Wayahudi karibu 80,000 waliouawa na Wanazi, lakini yanayoonekana leo yaliandikwa upya miaka ya 1990. Je, niweke mwaka kwenye skrini, au inatosha kutamka?

Na ile simulizi ya Hitler, niitaje kisha niikanushe, au niiache kabisa? Mliowahi kuandaa makala za historia nisaidieni, tunarekodi sauti wiki ijayo.