Kisima kinanuka petroli, nyuma palikuwa na sheli. Nichimbe kirefu zaidi?

Kiwanja_Temeke:
Wakuu habari za humu. Nimenunua nyumba huku Temeke ina kisima tayari, maji hayana chumvi kabisa, ila tangu masika yaanze nikifungua bomba asubuhi inapiga harufu ya petroli mpaka mtoto kaisema. Nikayamwaga kwenye beseni jeupe, juu kuna utando unang'aa rangi rangi. Nyuma ya ukuta palikuwa na sheli, imefungwa kitambo, sahivi panaoshwa magari. Fundi anasema haya ni maji ya juu tu, tuongeze urefu tupite udongo mgumu tukute masafi. Nikubali? Na nikichemsha yanafaa?

mama_wawili:
Usichemshe mdogo wangu, ile petroli inapanda na mvuke unaivuta humo humo jikoni. Waterguard inaua vijidudu tu. Nunua ya kunywa na kupikia, hata kuoga acha.

Bonge75:
Fundi yuko sahihi, kwangu Tabata tulishuka yakawa safi. Itaje hiyo sheli tuijue.

Kiwanja_Temeke:
Sitaji mkuu, ushahidi sina bado.

mpima_udongo:
Mkuu mwambie fundi atulize mashine kwanza. Dar sehemu nyingi juu ni mchanga, chini yake mfinyanzi, halafu mchanga tena ndo una yale maji ya chini. Petroli nyepesi kuliko maji, lita moja ni kama gramu 750 hivi, kwa hiyo inaelea juu ya maji ya kwanza na huo mfinyanzi ndo unawakinga nyie wote mtaani. Mkiutoboa bila kuziba vizuri kuzunguka kesingi (bomba la kisima) mmefungua njia, kinachoyeyuka kwenye maji kinashuka na chenyewe, hasa benzeni iliyomo kwenye petroli, hiyo inaleta saratani ya damu. WHO wameweka mwisho maikrogramu 10 kwa lita, kiasi kidogo hivyo pua haikisikii, so Bonge yako kuwa "safi" ni mpaka maabara iseme.

Masika yameleta harufu kwa sababu maji yamepanda yakafika kwenye udongo ulioloa mafuta. Kiangazi inaweza kupungua, asije mtu akakwambia imeisha.

Kinachotakiwa ni vishimo vya uchunguzi, angalau vitatu na visikae mstari mmoja, apatikane mtu wa kupima usawa wa midomo ya mabomba, halafu mnapima maji yako chini kiasi gani kwenye kila kimoja, hapo ndo unajua yanatoka wapi yanaenda wapi. Skrini, yaani sehemu ya bomba yenye matundu, ianzie JUU ya usawa wa maji. Wachimbaji wa maji ya kunywa wamezoea kuiweka chini kabisa, mafuta yanaelea nje ya bomba lisilo na matundu na wewe unaona kisima kisafi. Wakati wa kuchimba kaa pale uangalie udongo unaotoka, mchanga wetu mwekundu au wa njano ukiona umegeuka kijivu na unanuka, andika ni mita ya ngapi. Kile kipimo cha umeme wa ardhini kinasaidia ila pwani kinadanganya, mfinyanzi na maji ya chumvi vinasoma karibu sawa.

Sampuli ni chupa ya kioo ya mililita 40, jaza mpaka juu, funga, igeuze, ukiona povu la hewa mwaga ujaze upya, kisha kwenye barafu moja kwa moja. Ukipeleka na chupa ya plastiki ya dukani majibu yatatoka mazuri ya uongo.

Kibwezi_mtu:
Huku Kenya hii tunaijua. Thange, Makueni, mwaka wa 2015 bomba la mafuta la Mombasa–Nairobi lilivuja, mto ukaharibika na visima pia, watu wakaishia kortini miaka na miaka. Piga picha, andika tarehe, weka kila karatasi. Ukifika mbele ya jaji bila karatasi utaambiwa ni jenereta yako ilimwaga.

Kiwanja_Temeke:
Dah. Sasa vishimo vitatu nilipe mimi wakati aliyemwaga yupo?

mpima_udongo:
Sheria ya Mazingira ya 2004 inasema mchafuzi alipe, ila lazima ionekane ni yeye. Andika barua Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, nakala NEMC (baraza la mazingira), na hata hicho kirefu cha fundi kinahitaji kibali cha Bonde. Maji peleka kwa Mkemia Mkuu, uliza kwanza kama wanapima benzeni na chupa wanatoa wenyewe. Kabla hujatoa hata mia, pita kwa majirani wenye visima.

Kiwanja_Temeke:
Nimepita. Wa upande wa barabarani hana shida. Wa bondeni anasema chake kinanuka kabla hata mimi sijahamia, anamwagilia mchicha tu.

mpima_udongo:
Huyo wa mchicha mwombe asaini barua na wewe, na asiyanywe. Kishimo cha kwanza kiwe kati yako na yeye.

Bonge75:
Nauliza tu, hizo chupa za kioo zinauzwa wapi?