requests ya Python inaganda usiku bila kusema kitu, na SMS zinafika mara mbili mbili. Msaada wakuu

ngalawa_dev

Assalaam alaykum wakuu, poleni na majukumu. Nina skripti ndogo ya Python iko kwenye Raspberry Pi 3 (kompyuta ndogo) hapa Nungwi, kazi yake moja tu, kila usiku saa nne cron (kipanga ratiba cha Linux) inaiamsha, inavuta utabiri wa upepo kutoka Open-Meteo kisha inawatumia SMS manahodha wa diko letu wajue alfajiri watoke au wapumzike. Intaneti ni modemu ya laini ya simu. Laibrari natumia requests maana ni nyepesi, haina mambo mengi, mistari miwili ushapata data:

r = requests.get("https://api.open-meteo.com/v1/forecast?latitude=-5.73&longitude=39.30&hourly=wind_speed_10m")
upepo = r.json()["hourly"]["wind_speed_10m"]

Sasa kuna usiku haitumi kitu na wala hailalamiki. Asubuhi naingia kwa ssh nakuta prosesi ya jana ipo hai, ya juzi nayo ipo hai, zimekaa tu, logi nyeupe. Nikaona niongeze kipande cha kujaribu tena nilichokiokota mtandaoni:

jaribu = Retry(total=3, backoff_factor=1, status_forcelist=[429, 500, 502, 503, 504], allowed_methods=None)

hiki nimekifunga kwenye Session na Session hiyo hiyo ndo natumia kuvuta upepo na kutuma SMS. Kuanzia hapo kuna siku manahodha wanapata ujumbe ule ule mara mbili mpaka tatu, mzee mmoja kaniuliza kwani upepo nao unakuja mara tatu. Halafu cha mwisho, umeme ukikatika siku mbili tatu ukarudi inaleta CERTIFICATE_VERIFY_FAILED, nimeweka verify=False, yaani isikague cheti cha seva, ikanyamaza ila roho haijatulia.

Swali, nihamie httpx, ile laibrari nyingine ya kazi hii hii, au requests yenyewe ndo haifai kwa mtandao wa namna hii?

fundi_terminal

Waalaykum salaam mkuu. Usihame kwanza. Kuganda kwako kunatokana na kitu ambacho hakipo kwenye kodi (code) yako, timeout, yaani ukomo wa kusubiri. requests haina timeout ya difolti, usipoipa namba inasubiri mpaka kiama. Wengi hawalijui hili kwa sababu kwenye waya wa ofisini halijitokezi, ila kwa modemu ya laini lazima likukute tu siku moja.

Kinachotokea ni kwamba koneksheni imeshafunguka, ombi limeshaondoka, hapo hapo modemu inapoteza mnara au laini inapewa anwani nyingine ya IP, seva huko inajibu lakini jibu halifiki na hakuna wa kuiambia Pi yako kwamba mwenzio hayupo tena. Soketi ya TCP ambayo haipati kitu cha kusoma haina sababu ya kufa. Ile keepalive ya kernel ambayo ingegundua haijiwashi yenyewe, na hata ukiiwasha Linux inataka sekunde 7200 za ukimya ndo ianze kuuliza, masaa mawili hayo. Ingekuwa umekwama kwenye kufungua koneksheni ungeona kosa ndani ya dakika mbili na kidogo, maana hapo Linux inarudia SYN, ile pakiti ya kuomba koneksheni, mara 6 kisha inakata tamaa. Prosesi ya juzi kuwa hai maana yake umekwama kwenye kusoma.

Weka timeout=(5, 20), ya kwanza ni ya kufungua koneksheni, ya pili ya kusubiri jibu. Lakini elewa hiyo 20 sio muda wa kazi nzima, ni ukimya unaovumilika kati ya kipande kimoja cha data na kingine, seva ikikudondoshea baiti moja kila sekunde 15 unaweza kukaa hapo saa nzima na timeout isilie. Ndo maana mimi kwenye cron nafunga na kwa nje:

0 22 * * * flock -n /tmp/upepo.lock timeout 300 python3 /home/pi/upepo.py

flock inazuia ya leo isianze kama ya jana bado ipo, na hiyo timeout ya Linux inaiua skripti baada ya dakika 5 liwalo na liwe. Kama manahodha ni wengi ongeza.

Na mtu akikwambia lazima iwe 3.05 kama ilivyo kwenye maelezo ya requests, hiyo ni hesabu ya enzi TCP ilipokuwa inasubiri sekunde 3 kabla ya kurudia pakiti ya kwanza, tangu RFC 6298 (waraka wa kanuni za TCP) ya mwaka 2011 imeshushwa kuwa sekunde 1. Isikuumize kichwa.

mzee_wa_bash

Haya yote ya nini jamani. curl --max-time 20 --retry 3 halafu jq ya kuchambua jibu, umemaliza ukalale. Kumwita Python na laibrari zake kwa ajili ya namba moja ya upepo ni kukodi lori kubeba fungu la dagaa.

bintiseva

Mzee shikamoo, kwa kuvuta upepo nakubaliana na wewe na hiyo --max-time ni muda wa kweli wa kila jaribio zima, kitu ambacho requests haina. Ila kwa kutuma SMS hiyo --retry yako itamzidishia matatizo kwa sababu curl haibagui, ikikutana na timeout au 503 inarudia chochote ulichoipa, hata kama ni POST, yaani ombi la kutuma kitu, tofauti na GET ambalo ni la kuvuta tu.

ngalawa_dev, SMS zako zinajirudia kwa sababu ya allowed_methods=None. Retry ni ya urllib3, ndo injini iliyo chini ya requests, na walioiandika waliweka difolti ya maana sana, inarudia GET, HEAD, PUT, DELETE, OPTIONS na TRACE tu. POST haimo, na haimo makusudi. Wewe ulipoweka None umeiambia rudia kila kitu. Sasa fikiria, Pi inatuma POST "mpelekee nahodha fulani ujumbe huu", seva ya SMS inapokea, inatuma, nahodha simu inalia mfukoni, halafu jibu la 200 linapotea njiani kwenye modemu yako. Kwa Pi hiyo ni koneksheni iliyokatika, au timeout ukishaiweka. Inarudia. Seva inaona ombi jipya kabisa, inatuma tena. Na salio lako la SMS linaliwa kila mara.

Sio kwamba kila kushindwa ni hatari lakini. Kama imeshindwa hata kufungua koneksheni maana yake ombi halijatoka, kurudia hakuna ubaya, na urllib3 inajua hilo, kushindwa kwa namna hiyo inakurudia hata kwa POST bila kubadili allowed_methods. Shida ni pale ombi limetoka na jibu halijarudi, hapo hakuna laibrari duniani inayoweza kujua kama kazi imefanyika au la, iwe requests, httpx, axios ya JavaScript, Guzzle ya PHP, zote zinakuachia wewe uamue.

Kwa hiyo toa hicho kigezo, acha difolti ifanye kazi kwenye GET. Kwa SMS angalia maelezo ya API ya hao unaowatumia kama wanapokea namba yako ya kumbukumbu, yaani wewe unatunga kitu kama tarehe na namba ya simu, unawapa, ukirudia na kumbukumbu ile ile wanajua huyu nimeshamhudumia. Wakikubali hivyo rudia utakavyo.

Na nyingine ndogo, sioni raise_for_status() kwenye kodi yako. requests ikipata 500 haisemi kitu, kwake hilo ni jibu kama majibu mengine, wewe ndo unaenda kuanguka kwenye .json() au mbaya zaidi huanguki kabisa.

kilindini_py

Hapo kwa certificate wacha niseme yakhe. Raspberry Pi 3 haina saa ya betri ndani. Stima ikipotea saa inasimama, ikirudi Pi inaamka ikidhani bado ni ile siku ilizimika, mpaka ipate intaneti iulize wakati kwa NTP. Na modemu yako ya laini inachukua muda kushika mtandao kwa hivyo kuna kipindi hapo katikati skripti inaamka na tarehe ya zamani. Ikiwa seva imepata cheti kipya siku hizo mbili tatu ulizokuwa gizani, Pi inaangalia cheti inaona tarehe yake ya kuanza bado haijafika, inakataa. Soma mwisho wa lile kosa, ukikuta "certificate is not yet valid" basi ni saa, si cheti. Andika timedatectl uone kama imesema clock synchronized ni yes ama no.

Dawa ni moduli ya DS3231, kile kisaa kidogo chenye betri ya duara unakichomeka kwenye pini za GPIO, si ghali. Kama hutaki kununua basi skripti ingoje saa isawazishwe kwanza ndio iendelee. Tena kumbuka cron nayo inafuata saa hiyo hiyo, kwa hivyo hata ule wakati wa kutuma unaweza kuwa si wenyewe.

Lakini verify=False itoe leo leo. Ukiizima hujui tena unaongea na nani, na ile POST ya SMS imebeba ufunguo wako wa API, yeyote aliyekaa katikati anausoma na anatuma ujumbe kwa salio lako na kwa jina lako. Manahodha wakiambiwa bahari shwari na mtu asiyekuwa wewe itakuwaje?

ngalawa_dev

Aisee nimeelimika. Nimeangalia timedatectl imesema no, na kosa ni hilo hilo la not yet valid, kwa hiyo kisaa nitaagiza kutoka Dar. timeout na flock nimeshaweka, verify nimeirudisha.

Kwa SMS nimesoma maelezo yao kuanzia juu mpaka chini hawana sehemu ya kumbukumbu ya mteja, ni namba, ujumbe na jina la mtumaji basi. Hapo nafanyaje bintiseva? Na httpx je, kuna faida yoyote au nibaki?

bintiseva

Basi kumbukumbu iweke upande wako. SQLite ipo tayari ndani ya Python huna haja ya kufunga kitu, tengeneza jedwali lenye tarehe, namba na hali, na tarehe pamoja na namba iwe UNIQUE. Kabla ya kutuma andika "inatumwa", ukipata 200 geuza iwe "imetumwa", ukipata timeout ya kusoma geuza iwe "haijulikani" na usirudie. Kama wana ripoti za ujumbe uliofika basi dakika chache baadaye uliza hizo ripoti, hiyo ni GET, hizo ambazo kweli hazikuondoka ndo unatuma tena. Kama hawana ripoti hapo sasa ni uamuzi wako na sio wa kompyuta, kwa onyo la upepo mkali mimi ningerudia, bora apate mara mbili kuliko asipate, ila kwa "kesho shwari" ningeiacha. Unaweza hata kuandika tarehe ndani ya ujumbe, akipata mbili ajue ni ule ule.

httpx ni nzuri, ina timeout ya sekunde 5 kwa difolti kwa hiyo hili la kuganda lisingekukuta, na ukitaka async (maombi mengi kwa pamoja) ipo. Ila kuna vitu vinashtua ukitoka requests, mfano seva ikikuelekeza anwani nyingine (redirect) haifuati mpaka uiambie follow_redirects=True. Kwa kazi yako sioni sababu ya kuhama. Session tu endelea kuitumia kwenye kutuma SMS, inashikilia koneksheni moja, badala ya kufungua TLS (usimbaji wa https) upya kwa kila nahodha inafungua mara moja, kwenye bando la laini utaona tofauti.

mzee_wa_bash

Marahaba binti. Hilo la POST nimelikubali, kwa GET sihami kwenye curl yangu.

fundi_terminal

Wakuu kuna kitu kimetupita sote. ngalawa_dev kwenye URL yako hujaweka timezone. Open-Meteo usipoitaja inakupa masaa ya GMT, orodha inaanza saa 00:00 ya GMT ambayo kwetu ni saa tisa usiku. Unachukuaje upepo wa alfajiri kutoka kwenye hiyo orodha?

ngalawa_dev

upepo[30], yaani 24 za leo nazivuka halafu naongeza 6, saa kumi na mbili asubuhi ya kesho.

fundi_terminal

Basi umekuwa ukiwatumia upepo wa saa tatu asubuhi, saa ambayo wengine wanakuwa washarudi. Ongeza &timezone=Africa/Dar_es_Salaam, na ukiwa hapo hapo weka &wind_speed_unit=kn maana difolti ni kilomita kwa saa na mabaharia wengi wanahesabu kwa noti (knots, maili za baharini kwa saa). Na usichukue kwa kuhesabu nafasi, orodha ya "time" inakuja pembeni yake, tafuta humo tarehe ya kesho yenye T06:00 ndo uchukue upepo wake, siku ukibadilisha saa ya cron au ukiongeza siku zilizopita haitakuharibikia.

kilindini_py

Na mawimbi je? Upepo peke yake kwa ngalawa hautoshi, kusi ikishika bahari inabaki imechafuka hata upepo ukitulia. Wana API nyingine ya bahari, marine-api.open-meteo.com, unaomba hourly=wave_height kwa kutaja latitude na longitude vile vile. Session moja, GET mbili, timeout kwa kila moja. Ila chagua nukta iliyo baharini kidogo, si ufukweni penyewe.

ngalawa_dev

Hiyo ya mawimbi sikuijua kabisa. Nitaijaribu leo usiku baada ya isha, nikikwama narudi kwenye uzi huu huu.