Naombeni ushauri: sola ya jirani imeua redio yangu

Wakuu, heshima kwenu. Ugonjwa wa redio ulinianza nikiwa darasa la nne kule Muheza, nikipandisha waya wa shaba juu ya mwembe ili redio ya mzee ishike stesheni za mbali. Nilichapwa siku niliyoifungua! Leo nina miaka 56, leseni ya redio ya ridhaa kutoka TCRA (mamlaka ya mawasiliano) ninayo, na kila Jumamosi mchana huwa napiga soga hewani na wenzangu wa Kenya, wale ambao majina ya vituo vyao huanza na 5Z.

Shida ni hii: tangu jirani afunge sola, kwenye masafa ya 7.1 MHz nasikia mngurumo tu, zzzzz, kuanzia asubuhi mpaka jua lizame. Usiku shwari. Nimezima umeme kwangu, nikatumia betri ya gari. Mngurumo uko palepale. Antena yangu ni dipoli, yaani waya uliogawanywa katikati, mita 10 kila upande, na upande mmoja unapita karibu kabisa na paa lake.

Nihamishe antena, au nimnunulie pete za feraiti (za kupunguza kelele zinazopita kwenye nyaya) avalishe nyaya zake za sola? Jirani ni mwema ila mkali, na mama watoto ameshanionya nisimchokoze. Aliyepitia hili alianzia wapi?