Deksa ya mapafu ya mtoto tumboni, inasaidiaje?

Dada wa Mbagala: Wapendwa mdogo wangu ana mimba ya wiki 30, uchungu umeanza mapema, kachomwa sindano ya deksa (deksamethasoni) pajani wanasema ni ya mapafu ya mtoto, inafanyaje kazi?

Nesi Temeke: Pole dada. Mtoto mwenyewe hutengeneza homoni ya kotisoli, wiki za mwisho inapanda na kuamsha seli za mapafu zitoe utelezi unaozuia vifuko vya hewa kunatana akitoa pumzi, sasa deksa inavuka kondo la nyuma inafanya kazi hiyohiyo mapema. Kawaida ni miligramu 6 kila saa 12 mara 4, asikatishe jamani!

Kaka Sinza: Daktari Liggins aligundua jambo hili kwa kondoo New Zealand, 1972 wakachapisha na daktari mwenzake Howie matokeo ya binadamu. Mwenye kisukari je?

Nesi Temeke: Anapewa, ila sukari inapanda, ipimwe mara kwa mara.